Singo za mwanzo za Beatles: unachosikia sicho kilichouzwa dukani

Tarehe 29 Januari 1964, George Martin, mtayarishaji wa rekodi za Beatles, alikaa ndani ya studio ya Pathé Marconi jijini Paris akisubiri vijana wanne ambao hawakutokea. Beatles walikuwa hotelini George V wanakunywa chai. Kazi waliyoitiwa haikuwapendeza: kuimba nyimbo zao mbili kwa Kijerumani, kwa kuwa watu wa kampuni ya rekodi huko Ujerumani walishikilia kwamba bila Kijerumani santuri hazitatembea sokoni. Martin akaenda hotelini mwenyewe, akawaka, nao wakanyanyuka.

Wimbo wa kwanza haukuwa na taabu. Martin alikuwa na kanda yenye ala za “I Want to Hold Your Hand”, zilizorekodiwa London tarehe 17 Oktoba 1963. Kilichobaki ni kuimba maneno aliyoyaandika Camillo Felgen juu ya ala zile zile, na kuongeza makofi.

Wimbo wa pili ndio uliowaponza. “She Loves You” ilirekodiwa tarehe 1 Julai 1963 na ilikuwa imeshauza zaidi ya nakala milioni moja Uingereza peke yake. Lakini kanda ya kazi, ile yenye ala na sauti zilizotengwa, haikuwapo. Ikabidi washike magitaa, Ringo Starr akae kwenye ngoma, wapige wimbo mzima upya tangu pigo la kwanza.

Miezi saba tu, na kanda imeshapotea.

Rekodi hizo mbili za Kijerumani zimo kwenye Past Masters, mkusanyiko wa nyimbo za Beatles ambazo hazikuingia kwenye albamu zao. Na kila zinapofika zamu yake, swali moja hunirudia. Kwa majuma sasa limekataa kuondoka: ninachosikiliza hapa ni singo zenyewe, zile santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, au ni kitu kingine kilichovikwa majina yake?

## Mkusanyiko uliokusudiwa kuziba pengo

Past Masters ilitoka tarehe 7 Machi 1988 ikiwa CD mbili zilizouzwa mbalimbali, ya kwanza na ya pili, zenye nyimbo 18 na 15. Si mkusanyiko wa vibao vikali, na anayeununua kwa matumaini hayo atashangaa. “Can't Buy Me Love” haimo. “Ticket to Ride” haimo, ingawa upande wake wa B, “Yes It Is”, umo. Kipimo kilikuwa kimoja: wimbo ambao tayari uko kwenye albamu za Uingereza, au kwenye Magical Mystery Tour ya Marekani iliyokubaliwa kuwa albamu rasmi, hauingii.

Ndiyo maana 1967 nzima haimo. Unaruka kutoka “Rain” ya 1966 hadi “Lady Madonna” ya 1968, na katikati hakuna “Strawberry Fields Forever” wala “Penny Lane”.

Mimi nashughulika na ile ya kwanza tu, kutoka “Love Me Do” hadi “I'm Down”. Hiyo ndiyo inayobeba singo za mwanzo, na ndiyo yenye mgogoro.

## Kanda ya njia mbili haikuwa stirio

Hapa ndipo kila kitu kinapoanzia.

Hadi katikati ya Oktoba 1963, Beatles walirekodi kwenye mashine ya njia mbili katika studio za EMI, kampuni yao ya rekodi, barabara ya Abbey (Abbey Road). Ala zote zilikwenda njia moja, sauti za waimbaji njia ya pili, na mara nyingi vyote vilipigwa na kuimbwa kwa wakati mmoja. Anayeiona kanda hiyo leo hudhani ilitengenezwa kwa ajili ya spika mbili. La. Martin na fundi wake Norman Smith walizitenga njia hizo ili baadaye wapate mizani: bendi kwenye sahani moja, waimbaji kwenye nyingine, na mkono wa fundi ukiamua kipi kishuke na kipi kipande kabla ya vyote kumwagwa kwenye njia moja ya mono.

Mono ndiyo iliyokuwa bidhaa. Kijana wa 1963 alikuwa na gramafoni ya spika moja na redio ya spika moja. Singo zote za Beatles zilizouzwa Uingereza zilikuwa mono mpaka Mei 1969, ilipotoka “The Ballad of John and Yoko”. Kabla ya hapo hakuna Mwingereza aliyeingia dukani akatoka na singo yao ya stirio. Haikuwapo.

Sasa chukua kanda ile ya njia mbili, njia moja uipeleke spika ya kushoto na nyingine ya kulia, uiite stirio. Unapata ngoma, magitaa na besi zimebanana kona moja, na Lennon na McCartney wanaimba kona nyingine kana kwamba wamegombana na bendi. Uwiano alioupima Martin umevunjika. Mwangwi na mgandamizo wa sauti uliowekwa wakati wa kuchanganya mono, ule unaoifanya singo isikike kama ngumi moja, nao haupo au umebadilika.

Kilichobadilisha hali ni “I Want to Hold Your Hand”, rekodi yao ya kwanza kwenye mashine ya njia nne. Kuanzia hapo stirio inavumilika. Kabla ya hapo, kwa hukumu yangu, ni nyaraka nzuri kwa mtafiti na ni muziki mbovu kwa msikilizaji.

## Tari ndilo shahidi

Wimbo wa kwanza kwenye mkusanyiko ni “Love Me Do”, na tayari mambo yameharibika.

Wimbo huu ulirekodiwa mara tatu kwa wapiga ngoma watatu. Tarehe 6 Juni 1962 alikuwapo Pete Best. Tarehe 4 Septemba alikuwapo Ringo. Tarehe 11 Septemba, kwa kuwa ngoma hazikuwaridhisha wakubwa, alikodiwa mpigaji wa kulipwa, Andy White, na Ringo akapewa tari apige pembeni. Siku hiyo hiyo ikarekodiwa “P.S. I Love You”, Ringo akitikisa manyanga.

Singo iliyotoka tarehe 5 Oktoba 1962, Parlophone R 4949 yenye lebo nyekundu, ilikuwa na rekodi ya Ringo. Albamu Please Please Me ya Machi 1963 ikatumia ya Andy White. Baadaye hata singo yenyewe ikabadilishwa kimyakimya. Waliochapisha upya wakaweka ya White. Namba ya santuri ni ile ile, jina ni lile lile, rekodi ni nyingine.

Kuzitofautisha ni rahisi. Sikiliza kama kuna tari. Likilia, ni ya Andy White. Lisipokuwapo, ni ya Ringo. Lebo inaweza kukudanganya, maelezo ya muuzaji yanaweza kukudanganya zaidi, lakini tari halidanganyi.

Ukishajua hilo, sikiliza pia kwa nini ni McCartney anayeimba maneno ya jina la wimbo pale ala zinaponyamaza. Mwanzoni mstari huo ulikuwa wa Lennon. Lakini hamonika inaingia juu ya neno la mwisho, na mdomo mmoja haufanyi kazi mbili. Martin akamtupia McCartney mstari huo papo hapo, na McCartney mwenyewe amekuwa akisema tangu hapo kwamba anausikia woga kwenye sauti yake.

Kanda ya rekodi ya Ringo haipo. Utaratibu wa EMI wakati ule ulikuwa kwamba singo ikishapata kanda yake kuu ya mono, yaani ile ya mwisho iliyokwishachanganywa, kanda za kazi hazina maana tena. Zinafutwa au zinatupwa. Kwa “Love Me Do” hata hiyo kanda kuu ikapotea. Kwa hiyo kilichowekwa kwenye Past Masters kilinakiliwa kutoka santuri: wakatafuta nakala safi ya singo, wakashusha sindano, wakarekodi. Wapenzi wa dansi na taarabu za zamani hawatashangaa, maana kwao pia mara nyingi santuri ya mtu binafsi ndiyo iliyobaki kuwa chimbuko la mwisho.

Jambo lenyewe ni la ajabu ukilitafakari. Kati ya nyimbo zote za mkusanyiko huo, ule ulionakiliwa kwa njia duni kuliko zote ndio ulio karibu zaidi na kile mnunuzi wa Oktoba 1962 alichosikia nyumbani kwake.

Na “She Loves You”? Kanda kuu ya mono ilisalimika, basi. Ndani yake unasikia kazi ya wembe: wimbo umeungwa kwa vipande vya majaribio mbalimbali, na ukiyafuata matoazi kwa makini utayasikia yakibadilika sauti katikati, yanafifia kisha yanarudi makali. Hakuna anayeweza kuurekebisha muungo huo kutoka kwenye kanda za kazi, kwa sababu hazipo.

## Hamonika ya “From Me to You”

Mfano ulionifanya niache kusitasita ni huu.

“From Me to You” ilirekodiwa tarehe 5 Machi 1963 na kutoka tarehe 11 Aprili, Parlophone R 5015. Singo inaanza kwa sauti za Lennon na McCartney zikiimba bila maneno, na hamonika inakwenda nazo sambamba. Hamonika hiyo ndiyo saini ya wimbo. Ilikuwa singo yao ya tatu mfululizo kufunguliwa hivyo, na msikilizaji wa redio aliwatambua kabla mtangazaji hajawataja.

Kwenye mchanganyiko wa stirio, mwanzoni hamonika haipo.

Wimbo uliungwa kwa vipande kadhaa vya kanda, na waliochanganya stirio hawakutumia kipande kile kile cha mwanzo. Hakuna aliyejali, kwa sababu stirio haikuwa ya singo. Upande wa B, “Thank You Girl”, kosa limekwenda kinyume: stirio ina hamonika nyingi kuliko mono, katikati na mwishoni. Vipande hivyo vya nyongeza vilirekodiwa tarehe 13 Machi, Lennon akiwa na mafua.

Mwaka 1988 walioandaa Past Masters waliziweka nyimbo hizi mbili kwa mono. Uamuzi sahihi. Kisha ikaja toleo lililosafishwa upya la tarehe 9 Septemba 2009, CD zote mbili zikiwa ndani ya jalada moja, na zikawekwa kwa stirio. Toleo hilo ndilo linalopigwa leo kwenye huduma nyingi za intaneti. Anayeufahamu wimbo huu kwa njia hiyo anasikia mwanzo ambao hakuna mnunuzi yeyote wa singo hiyo Uingereza aliyewahi kuusikia.

Kazi ya kusafisha sauti ya 2009 ni nzuri sana, na siibezi. Besi imetoka, makelele yametulia, na hawakuikandamiza sauti mpaka ikakosa pumzi kama ilivyokuwa mtindo wa miaka ile. Ndiyo maana inauma. Umakini wote ule ukatumika kuing'arisha rekodi isiyo singo, ndani ya mkusanyiko unaonunuliwa kwa ajili ya singo.

## Krismasi ya 1966

Stirio kadhaa tulizonazo za singo hizi zina mwanzo usio na heshima kubwa.

Mwishoni mwa 1966 EMI ilitaka albamu ya Beatles kwa ajili ya Krismasi, na Beatles hawakuwa nayo. Walikuwa wameacha kufanya maonyesho, kila mmoja yuko kivyake. Novemba hiyo McCartney alikuwa Kenya kwenye mapumziko pamoja na Mal Evans, msaidizi wa bendi, na ni kwenye ndege ya kurudi kutoka Nairobi ndipo alipopata wazo la bendi ya kubuni lililokuja kuwa albamu ya Sgt. Pepper. Huku nyuma, mafundi wa Abbey Road walikuwa wanachanganya singo za zamani kwa stirio ili zijaze albamu iitwayo A Collection of Beatles Oldies. Nyimbo 16, Desemba.

“I Want to Hold Your Hand” ilichanganywa upya tarehe 7 Novemba. Kesho yake ikafika zamu ya “She Loves You”, na hapo hakukuwa na kanda ya njia mbili. Fundi akafanya kilichowezekana: aliichukua mono, akaelekeza sauti nyembamba upande mmoja na sauti nzito upande mwingine. Hiyo ni stirio ya bandia. Ukiisikiliza kwa hedifoni, sikio moja linapata matoazi na jingine linapata ngurumo.

Tarehe 10 Novemba ikachanganywa “This Boy”. Haikutakiwa. Kilichotakiwa ni “Bad Boy”, wimbo uliorekodiwa Mei 1965 kwa soko la Marekani na ambao Waingereza hawakuwa nao. Mtu alisikia “Boy”, akatoa kanda isiyo yake.

Na hapa hoja yangu inapata mpinzani, maana stirio ya “This Boy” ni nzuri. Ni wimbo wa njia nne, wa siku ile ile ya “I Want to Hold Your Hand”, na sauti tatu za Lennon, McCartney na Harrison zinasimama peke yake, wazi, bila ala kuzifunika. Unamsikia Harrison kwenye sauti ya kati akishikilia noti ambayo kwenye mono unaihisi tu. Sitaki kuikosa. Basi simwambii mtu aitupe stirio. Namwambia ajue ni kitu cha namna gani, na kilipatikanaje.

## Upande wa B

Ukiiacha mizozo ya kanda, kinachoipa CD ya kwanza thamani ni nyimbo ambazo hazikupewa uzito na mtu.

“Long Tall Sally” ilirekodiwa tarehe 1 Machi 1964 kwa jaribio moja. McCartney anapiga kelele mwanzo mpaka mwisho, Martin yuko kwenye piano, na walipomaliza hawakuona sababu ya kurudia. Ilitoka tarehe 19 Juni kwenye EP ya nyimbo nne pamoja na “I Call Your Name”, “Slow Down” na “Matchbox”, na zote nne zimo humu kwa mpangilio huo huo.

“I'm Down” ni ya tarehe 14 Juni 1965. Siku hiyo McCartney aliimba “I've Just Seen a Face”, kisha “I'm Down”, kisha jioni “Yesterday”. Koo lile lile. “Yesterday” ikaenda kwenye albamu na kutafsiriwa kila kona ya dunia, “I'm Down” ikaishia nyuma ya “Help!” na kusahauliwa na wengi. Mimi ningeipa upande wa A bila kufikiri mara mbili.

“Yes It Is” ina jambo la kusikiliza: gitaa la Harrison halina mwanzo. Kila noti inavimba kutoka kimya, kwa sababu sauti inafunguliwa baada ya uzi kupigwa. Ukitega sikio kwenye hilo tu wimbo mzima unabadilika.

## Singo ambazo mkusanyiko umeziangusha

Kile kipimo cha 1988 kina tundu. Kilisema wimbo ulioko kwenye albamu hauhitajiki. Lakini wimbo na rekodi ni vitu viwili.

“Please Please Me”, singo ya Januari 1963, iko kwenye albamu yenye jina hilo, kwa hiyo ikaachwa. Tatizo ni kwamba albamu ya stirio ina jaribio tofauti. Kwenye ubeti wa mwisho Lennon anakosea maneno, anaimba kitu kimoja na McCartney kingine, na mstari unaofuata ameuimba akizuia kicheko. Kwenye singo ya mono hakuna kosa hilo. Mwaka 1987 albamu nne za kwanza zilitolewa kwenye CD kwa mono, kwa hiyo tundu halikuonekana. Mwaka 2009 albamu ikauzwa kwa stirio, na aliyekusanya CD zote za stirio akiamini ana kila kitu, hana singo iliyowatoa Beatles.

“Help!” ni vivyo hivyo. Sauti ya Lennon kwenye singo ya mono si ile ya stirio, aliimba tena. Maneno yale yale, matamshi na msukumo tofauti.

## Ukitaka kuzisikia zilivyokusudiwa

Kwanza tambua toleo ulilonalo. Weka “From Me to You”, sikiliza sekunde tano. Hamonika ikiwapo na sauti zote zikitoka katikati, una mono. Zikiwa sauti tupu zilizoegemea upande mmoja, una stirio ya 2009.

Pili, usidhani kubana stirio kunairudisha mono. Simu nyingi zina swichi ya sauti mono kwenye mipangilio ya ufikivu, na inafaa kama unasikiliza kwa sikio moja. Lakini inachofanya ni kujumlisha njia mbili kwa kiasi sawa. Hairejeshi uwiano wa Martin, mwangwi, wala kipande cha hamonika kilichoachwa. Inaondoa kero ya kona mbili, basi.

Tatu, itumie stirio kwa kile inachokiweza. Ukiwa na hedifoni, ondoa sikio moja kwenye “From Me to You” ya 2009. Upande mmoja una bendi karibu peke yake, na unaweza kumsoma McCartney kwenye besi noti kwa noti. Geuza, na una waimbaji, na nyuma yao ala kwa mbali, zilizovuja kwenye maikrofoni kwa sababu wote walikuwa chumba kimoja. Kwa anayejifunza kuimba sauti za kupokeana, hakuna mwalimu bora.

Nne, mkusanyiko unaojibu swali langu upo. Unaitwa Mono Masters, ulikuja ndani ya kasha la mono la 2009, na mwaka 2014 ukatoka kwenye santuri tatu zilizokatwa moja kwa moja kutoka kanda za analogi. “From Me to You” ina hamonika yake. Nyimbo tatu za mwisho-mwisho, “The Ballad of John and Yoko”, “Old Brown Shoe” na “Let It Be”, hazimo kwa kuwa hazikuwahi kuchanganywa kwa mono. Uaminifu huo naupenda. “Please Please Me” na “Help!” za singo utazipata kwenye albamu zao ndani ya kasha hilo hilo.

Tano, kwa wanaowinda singo zenyewe za inchi saba. Bei haifuati uzuri wa sauti. Gramafoni za vijana wa 1963 zilikuwa na mkono mzito na sindano iliyochakaa, na mfereji ukishachimbwa hauponi. Dalili ni mkwaruzo kwenye sauti kubwa, hasa karibu na lebo, ambako mfereji unapita taratibu zaidi chini ya sindano na sauti zinabanana. Kuosha kunatoa vumbi, hakurudishi plastiki. Angalia pia kitovu: nakala za Uingereza zina kitovu cha kubandua, na kikishabanduliwa utahitaji adapta. Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze. Mfereji wa mono umekatwa kwa mwendo wa kushoto na kulia tu. Mwendo wa juu na chini ambao sindano ya stirio inausoma ni uchafu na majeraha, na ukizijumlisha njia mbili sehemu kubwa yake inajifuta. Tofauti ni kubwa kuliko ya kubadilisha sindano.

## Na sasa kompyuta

Mwaka 2022 studio ilianza kutumia kwenye albamu ya Revolver programu iliyotengenezwa na kikosi cha mwongozaji filamu Peter Jackson, inayoweza kuichukua sauti iliyoungana na kuitenganisha: ngoma huku, besi huku, kila mwimbaji kivyake. Novemba 2023 ikafika kwenye singo za mwanzo, katika toleo jipya la mkusanyiko wa 1962–1966. “She Loves You”, ambayo kanda yake ilipotea kabla ya safari ya Paris, sasa ina stirio ya kweli: waimbaji katikati, ala zimetandazwa, hakuna kona.

Nimeisikiliza mara nyingi na siwezi kuikataa. Ngoma za Ringo zina uzito ambao sikuwahi kuusikia kwenye CD, na sauti hazijakosana tena na bendi. Kuna mahali matoazi yananifanya nisite, yana ulaini fulani, kana kwamba yamepitia mikono mingi. Lakini yale ya kwenye kanda ya mono nayo yamekatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi.

Ukitaka kuhukumu mwenyewe, fanya hivi: cheza ya mono ya 1988 kwanza, kwa spika moja, sauti juu. Kisha ya 2023 kwa hedifoni. Kisha “Sie liebt dich”, ambayo ilikuwa na kanda zake tangu siku ya kwanza. Usizipange kwa mfuatano mwingine, kwa sababu ukianza na ya 2023 ile ya mono itakuonea haya kwa dakika nzima kabla sikio halijaizoea.